Mlango wa Nyuma

Hii ilimpata rafiki yangu, fundi seremala. Alinunua foo wili kuukuu, akawa analigeuza gari hilo liwe na kitanda nyuma. Madirisha alishayaziba kwa mbao. Alasiri moja aliingia humo kutafuta waya uliokuwa ukizimisha taa. Mlango ukajibamiza, taa ikazima, giza totoro. Kitasa kikagoma. Akapiga kelele, akagonga mpaka ngumi zikachubuka. Akasikia kandambili za mkewe zikija, zikasimama mlangoni, kisha zikaondoka taratibu.

Mkewe aliporudi kumfungulia, alimkuta analia kama mtoto.

"Mama watoto, kweli hukunisikia?"

"Nilikusikia, baba. Si nilikuuliza nikufungulie? Ukacheka, ukasema, 'Tuache kwanza, bado tunaongea.'"