Picha za Chumba cha Wanawake

Nuriat anauza mitandio katika soko la Owino. Siku za kazi anakunja, anapanga, anaita wateja mpaka sauti inakauka. Jumamosi na Jumapili ni mtu mwingine. Anachukua simu yake yenye kamera nzuri na kwenda kupiga picha za harusi.

Nyumbani kwake ni Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Wanubi wa huko wana desturi yao. Kabla ya harusi, bibi arusi hupakwa hina na kufukizwa udi katika chumba cha wanawake. Mle ndani akina mama huvua mitandio yao. Hucheza, hucheka, hutaniana. Mwanamume haingii, hata awe mpiga picha hodari namna gani. Anayeingia ni Nuriat. Kazi hiyo anaipenda kuliko kitu chochote.

Lakini picha zake hazikuonwa na watu. Jambo hilo lilimuuma.

"Picha yako inalala tu kwa simu," mumewe Asuman alimtania. Asuman ni dereva wa bodaboda. "Weka mtandaoni, watu waone. Ama unafuga?"

Jumapili moja Latifah, binti wa shangazi yake, alipakwa hina. Harusi ilikuwa iwe Ijumaa. Nuriat alipiga picha mia moja arobaini na tatu. Kesho yake, akiwa sokoni, alifungua ukurasa mtandaoni akaziweka zote. Zote kabisa! Hakuchagua hata moja. Hakuandika neno. Hakumwuliza mtu. Alidhani wataziona rafiki zake tu, na rafiki zake wengi walikuwa walewale wa chumbani. Usimcheke. Wengi wetu tulianza hivyohivyo.

Saa saba mchana Asuman alipiga simu. Safari hii hakuwa na utani.

"Nuriat, mimi niko kwa steji. Okullo, mwenzangu wa boda, amenionyesha Hajati anacheza, kichwa wazi. Banange! Wanaume wote hapa wanaangalia."

"Okullo ametoa wapi?"

"Kwako! Jina yako iko hapo juu."

Nuriat akakaa chini juu ya mitandio yake. Hajati Kaltumi ni mama yake Latifah, shangazi yake mwenyewe, mwanamke anayeheshimiwa na mtaa mzima. Hata hajakata simu, ujumbe wa Hajati ukaingia: "Usilete tena simu yako katika nyumba yangu. Si Ijumaa, wala siku nyingine."

Nuriat alijua maana yake. Hajati akikufungia mlango, kila mama wa Kibuli atakufungia. Hataingia tena chumba cha wanawake. Alifunga kibanda mapema akarudi nyumbani analia.

Jirani yake Nerima alimkuta barazani. Nerima ni Mkenya. Anafanya kazi katika duka la kusafisha picha kule Namuwongo, na ndiye anayeuangalia ukurasa wa duka hilo. Alisikiliza kisa chote bila kumkatiza.

"Kwanza toa hizo picha," alisema. "Utalia baadaye. Toa."

Nuriat akazifuta zote.

"Sasa ona hapa. Hii alama ya dunia kando ya jina lako, unaijua?"

"Mimi nilifikiri ni pambo."

"Si pambo, dada. Ukiacha hiyo, kila mtu anaona, hata yule hakujui. Kama unataka rafiki peke yao, unabonyeza hapa, unabadilisha. Lakini hata rafiki anaweza kuchukua picha akapeleka kwingine."

"Kale, sawa. Nimefuta. Si imeisha?"

"Kwako imeisha. Kwa wale walichukua, bado. Tutafute waliosambaza. Utawaandikia mmoja mmoja."

Waliwapata watu tisa. Nuriat aliwaandikia wote maneno yaleyale: "Nilikosea. Sikuomba ruhusa. Tafadhali futa." Okullo alifuta papo hapo. Kufikia saa kumi na moja, saba walikuwa wamefuta. Wawili walinyamaza. Nerima akamwonyesha mahali pa kuripoti picha hizo kwa wenye mtandao.

"Sasa nenda kwa shangazi yako."

"Nitume ujumbe wa sauti?"

"Miguu unayo. Nenda."

Hajati hakumkaribisha ndani. Walizungumza uani, Latifah amesimama nyuma ya mama yake na mikono yake myekundu kwa hina.

"Shangazi, nisamehe. Nimekuvua heshima," Nuriat alisema.

"Zimeondolewa zote?" Latifah aliuliza.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Yangu yote nimefuta. Watu tisa walisambaza. Saba wamefuta. Wawili bado, nimeripoti. Lakini kama kuna mtu ameficha kwa simu yake, mimi siwezi kujua."

"Angalau hujanidanganya," Hajati alisema, akaingia ndani.

Ijumaa Nuriat alikwenda harusini kama mgeni tu. Alikaa hemani, bila simu mkononi. Iliuma sana.

Wiki iliyofuata, picha za wale wawili ziliondolewa. Nuriat alitaka kuacha kabisa mambo ya mtandao, lakini Nerima alikataa.

"Kosa si kuonyesha kazi yako. Kosa ni kuonyesha watu bila kuwauliza. Anza upya, polepole. Leta picha kumi za sokoni."

Nuriat alileta arobaini.

"Nilisema kumi!" Nerima alicheka. "Mtu akiona arobaini, anachoka. Chagua moja. Ile ukiiona wewe mwenyewe unasimama."

Nuriat alichagua picha ya mama mmoja anayesuka vifuniko vya chakula vya rangi nyingi. Vidole vyake vilionekana vizuri.

"Huyu mama umemwuliza?"

"Alikubali nipige."

"Kukubali upige si kukubali uweke. Rudi umwulize. Mwambie utaiweka wapi na nani ataona. Akiwa mtoto, uliza mzazi. Na mtu akikataa, usimbembeleze."

Nuriat alirudi sokoni. Yule mama alikubali vidole tu, uso hapana. Basi vidole vikatosha. Nerima alimfundisha kuandika jina lake kwa herufi ndogo pembeni mwa picha, ili mwingine asijidai ni yake. Alimfundisha kuzima alama inayotaja mahali, hasa picha ikipigwa nyumbani kwa mtu. Alimwambia ahifadhi nakala pengine, maana simu huibiwa. Chini ya picha Nuriat aliandika mistari miwili tu: kinachosukwa ni nini, na kinachukua siku ngapi.

Picha moja kila wiki. Wa kwanza kusifu alikuwa Asuman, na hakuhesabiwa. Kisha waliandika watu asiowajua. Mwanamke mmoja wa Arua aliuliza vifuniko vile vinapatikana wapi, na mama msukaji akapata mteja wa mbali. Nuriat alimjibu kila mtu kwa adabu. Wenye maneno machafu aliwazuia, akaendelea na kazi yake.

Mwezi wa nne tangu harusi ile, Latifah alipiga simu.

"Wifi yangu anapakwa hina Jumapili. Njoo."

"Nije kama mgeni?"

"Njoo na simu. Mama amesema."

Jumapili, nyumbani kwa wakwe wa Latifah, Hajati Kaltumi mwenyewe alisimama mlangoni. Chumba kilikuwa na wanawake kumi na wanne, mbali na yeye.

"Naona kazi yako kila wiki," alisema. "Wewe, uliza kwanza."

Nuriat aliwauliza mmoja mmoja, akianza na bibi arusi. Wote waliruhusu picha za kuhifadhi nyumbani. Za kuweka mtandaoni, kumi na mmoja walikataa. Bibi arusi alikubali mikono. Dada yake naye mikono. Latifah alikubali uso, mtandio ukiwa kichwani. Nuriat aliandika yote katika daftari, akawasomea wasikie.

"Na wewe, Shangazi?"

"Mtandaoni? Sitaki hata kidole," Hajati alijibu. Wanawake wakacheka.

Kisha Hajati akafunga mlango, akavua mtandio wake mbele ya Nuriat, akaanza kucheza.