Kaye ya Mzungu Aliyekufa

Damien aliandika asubuhi, na ilipofika saa sita mchana maneno yote yalikuwa yamefutika, karatasi imelowa kana kwamba imelambwa.

Ilikuwa mwaka 1956, Albertville, mji wa bandari kando ya ziwa. Damien alikuwa karani wa zamu ya usiku bandarini, na watu walimjua kwa hadithi za kutisha alizopeleka kwa gazeti la Élisabethville. Kaye ile, daftari aliloandikia, aliinunua siku vitu vya Mzungu mmoja aliyekufa vilipouzwa: jalada jeusi la ngozi, lenye picha ya nyumba ya mawe na fuvu mlangoni.

"Imetengenezwa kwa muntu kama mimi," alimwambia mke wake, Émérence.

Émérence hakuipenda. Ilinuka nywele zilizoungua.

Siku moja panya alipita juu ya miguu ya Mama Florentine, mama yake Émérence, kipofu aliyeishi nao. Bibi akapiga kelele, akaomba, akalia. Damien akayaandika maneno yake kama yalivyomtoka. Mchana ule wino haukufutika.

Wiki iliyofuata bibi alimvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, ukienda soko kuna kitu kinaingia humu. Hakisemi. Kinanishika shingo na mikono ya maji."

"Si Damien anakuwa hapa, Mama? Umwite."

"Ninamwita. Haji."

Kesho yake Émérence alirudi mapema, na kabla hajatua kapu la dagaa alisikia sauti ya mama yake ikitoka chumba cha akiba, mlango umefungwa kwa nje, ikisema kama wewe ni jini basi unichukue mimi, umuache mutoto wangu, hana kosa, na nje ya mlango Damien amechuchumaa, kaye juu ya magoti, kalamu inakimbia, na kurasa zinapanda na kushuka pamoja na kifua chake, pumzi moja.

"Ngoja kidogo," Damien alisema bila kuinua kichwa. "Bado hajalia vizuri."

Émérence alimsukuma, akafungua, akaichukua kaye. Akampeleka mama yake kwa Papa Amisi, mzee Mwislamu aliyejua kutoa majini. Papa Amisi aliisomea kaye dua mpaka jasho likamtoka, akaifunga jiwe, akaizamisha ziwani. Samaki wakaelea, matumbo juu.

"Limetoka," alisema. "Lakini bwana yako hakulazimishwa, mama. Jini liliomba tu, naye akalitolea mama yako."

Émérence na mama yake wakapanda mtumbwi hadi Mpala, kwa ndugu zao.

Miezi miwili baadaye, baada ya misa, mwalimu Léon aliwasomea watu gazeti kwenye baraza la shule. Hadithi ilikuwa ya bibi kipofu aliyefungiwa chumbani. Watu walishika vinywa. Mama Florentine akamkamata binti yake mkono.

"Hayo njo maneno yangu."

Léon akageuza ukurasa. Hadithi ikataja mtumbwi na Mpala. Ikamtaja bibi ameketi barazani, anasikiliza. Sauti ya Léon ikapungua. Mstari wa mwisho, uliotaja jini linakaa wapi sasa, aliusoma kwa macho peke yake, akalikunja gazeti.

"Imeishia hapo, Mama," alisema polepole.

Kisha akasogeza kiti chake mbali na bibi. Jirani yake, aliyekuwa amechungulia gazeti, akasogea pia. Mabenchi yakakwaruza sakafu, moja baada ya jingine.

"Émérence," bibi aliuliza, "mbona wanaondoka?"