Kisu cha Juu ya Ngazi

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mama yake Chiriku alikuwa ameshamwaga mfuko wake wa kazi sakafuni. Alikagua kamba, vigingi na nyundo, akavirudisha kimoja kimoja, kisha mwisho kabisa akachukua kisu chake cha kukunja na kukitia katika mfuko wa mbele wa aproni. Kazi yake ilikuwa kufunga maturubai: ya mikutano, ya harusi, ya misiba, ya watu wanaoogopa jua na ya wanaoogopa mvua. Mtaa mzima ulimwita Mama Turubai, naye aliitika bila kununa.

Chiriku halikuwa jina la shuleni. Alipewa jina hilo na mjomba wake, mdogo wake mama, kwa sababu binti huyo alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri, na hakunyamaza mpaka usingizi umrudie.

"Mama, hicho kisu kimezeeka," alisema asubuhi hiyo huku akipanga vikombe.

"Hata mimi nazeeka, na bado nakwenda kazini."

"Lakini wewe hujawahi kumng'ata mtu kidole."

Mama akacheka. Bapa la kisu lilikuwa limeliwa na jiwe la kunolea mpaka likabaki jembamba. Msumari wake wa katikati ulilegea zamani. Mama alikifungua kwa kukisukuma kidogo tu kwa kidole gumba, lakini kisu nacho kilijifunga kilipotaka chenyewe. Mwaka uliopita kilimfungia kidole cha shahada akiwa kazini, na kovu lake lilionekana hata kwa mbali.

Chiriku alikuwa na sababu yake ya kukifikiria sana kisu hicho. Muhula uliopita alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika mguu. Mama alichukua turubai kuukuu, akalikata kwa kisu kilekile, akashona mbeleko pana, na kila asubuhi akambeba binti yake mpaka darasani. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu. Watu barabarani walivunjika mbavu kwa kicheko.

"Mama Turubai, jitoto lote hilo mgongoni?"

"Nilimbeba akiwa hajui kusema ahsante," mama aliwajibu. "Sasa anajua. Acha nimbebe tena."

Tatizo ni kwamba Chiriku hakuwahi kulisema neno hilo. Maneno mengine yote alikuwa nayo, tena ya kugawa, lakini hilo moja lilimkwama kooni kila alipojaribu. Mguu ukapona, mbeleko ikakunjwa na kuwekwa juu ya kabati, na deni la shukrani likabaki moyoni linamkera. Ndipo akaamua: kama mdomo umeshindwa, basi mikono itasema. Angemnunulia mama kisu kipya.

Alivunja kibubu chake, akaenda duka la vifaa la Mama Misumari, mwanamke mnene mwenye sauti nzito aliyeuza kila kitu kinachogongwa, kinachokatwa au kinachofungwa.

"Kisu simuuzii mtoto," Mama Misumari alimwambia kabla hajamaliza salamu. "Njoo na mtu mzima."

Jioni yake Chiriku alirudi na mjomba. Mjomba ndiye aliyemsaidia mama kazini. Alishika nguzo, alivuta kamba, na katikati ya kushika na kuvuta alisimulia vichekesho. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua kisu gani kinamfaa Mama Turubai, ni yeye.

Mama Misumari alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka visu viwili. Cha kwanza kilikuwa cheusi, hakina pambo lolote. Kilikuwa na bapa moja, kifundo kidogo kila upande cha kusukumia kwa kidole gumba, na tundu la kupitishia uzi. Cha pili kiling'aa. Ndani ya mpini wake mlijificha koleo, mkasi, tupa, bisibisi, msumeno mdogo, kifungua kopo na, ajabu ya maajabu, kioo cha kukuzia. Bapa lenyewe lilikuwa limebanwa katikati ya ukoo huo wote.

"Mama yako hukifungulia wapi kisu chake?" aliuliza Mama Misumari. "Akiwa chini, au akiwa juu?"

"Popote," alijibu Chiriku, macho yasibanduke kwenye kioo.

"Kwa mkono gani?"

"Wowote tu. Naomba kujaribu mkasi."

Aliujaribu kwenye uzi. Ulikata vizuri! Akajiona darasani akikata karatasi za manila, wenzake wamemzunguka. Akatazama sisimizi mezani kupitia kile kioo, na sisimizi akawa mnyama mzima mwenye magoti. Mjomba kwa upande wake alikuwa ameshashika koleo, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga.

"Dada atafurahi sana," mjomba alisema. "Na siku moja moja anaweza kuniazima."

"Mnamnunulia nani kisu hiki?" Mama Misumari aliuliza taratibu.

"Mama!" alisema Chiriku.

"Dada!" alisema mjomba.

Wakasema kwa pamoja, tena kwa haraka. Mama Misumari akawafungia kile kinachong'aa kwenye karatasi.

Mama alipofungua karatasi nyumbani, alikaa kitako kitandani. Alikigeuza kisu huku na huku, machozi yakamlengalenga. "Mwanangu, umeninunulia mimi? Kwa kibubu chako?" Akamkumbatia Chiriku mpaka akakosa pumzi. Kisu cha zamani kikaenda kwenye droo, kipya kikaingia katika mfuko wa aproni, na wiki nzima, kwa kuwa hapakuwa na kazi ya juu ya ngazi, kila aliyepita mlangoni alionyeshwa. Chiriku alifurahi sana. Siku mbili za kwanza alikiazima mara tatu, na mama akampa bila kinyongo ili akitumie papo hapo mezani mbele yake.

Jumamosi palikuwa na mkutano wa wazazi, na turubai lilipaswa kufungwa kwenye uwanja wa shule. Chiriku alikwenda kusaidia kupanga viti. Upande mmoja wa turubai ulikuwa umeshakaa vizuri. Mama alikuwa juu ya ngazi akimalizia upande wa pili, mkono wa kulia umeshika bomba la juu, wa kushoto unakaza kamba. Mjomba alikuwa chini ameshika nguzo, katikati ya kichekesho kuhusu mbuzi na mwalimu mkuu.

Upepo ulikuja bila kupiga hodi. Turubai likajaa, likanyanyuka, na kamba ya juu ikakaza mpaka nguzo ikaanza kulalia upande wa ngazi.

"Dada, kata hiyo kamba!" alipiga kelele mjomba. "Siwezi kuishika zaidi!"

Mama alitia mkono wa kushoto mfukoni, akatoa kisu. Alisukuma kwa kidole gumba kama alivyozoea. Hakikufunguka. Akakitia mdomoni, akavuta kwa meno, na kilichotoka kilikuwa kile kioo cha kukuzia. Akavuta tena, ukatoka mkasi. Nguzo ikalala zaidi. Chiriku, chini pale, alisahau viti, alisahau kila kitu, akaona mama yake akiachia bomba ili apate mikono miwili. Ngazi ikayumba.

"Mama!"

Chiriku alikimbia akaikumbatia miguu ya ngazi kwa nguvu zake zote. Juu yake mama aling'ang'ana na bapa kwa kucha, likatoka, akaikata kamba. Turubai lilishuka kwa kishindo, nguzo ikasimama, na mjomba akaketi chini palepale aliposimama.

Mama alishuka polepole. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umekatika hadi kwenye nyama, na mdomo ulikuwa unatoka damu kidogo pale meno yalipoteleza. Alijifuta kwa upindo wa aproni.

"Upepo huu!" alisema. "Ulitaka kutuaibisha mbele ya wazazi."

Akakifuta kisu kipya kwa uangalifu, akakirudisha mfukoni kama kitu cha thamani. Hakukilaumu hata kidogo. Hapo ndipo Chiriku aliposhindwa kuvumilia. Laiti mama angegomba, ingekuwa afadhali.

"Si upepo, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Ni kisu. Ni mimi. Mama Misumari aliniuliza unakifungulia wapi na kwa mkono gani, nami nilisema popote, wowote. Nilikitaka kile kioo, mama. Na mkasi. Nilikuwa nakuchagulia wewe, lakini nilichagua cha kwangu."

Mama akamtazama. Kisha akamgeukia mjomba, kwa sababu mjomba alikuwa anakohoa bila kuwa na kikohozi.

"Mimi nilipenda koleo," mjomba alikiri, akitazama viatu vyake. "Nakushikia ngazi kila siku, dada, na sikuwaza hata kidogo kwamba kule juu una mkono mmoja tu wa kukatia. Nisamehe."

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja analia, mwingine amejaa vumbi, akaketi juu ya rundo la turubai. Mabega yakaanza kumtikisika. Chiriku alidhani analia, kumbe anacheka.

"Niko juu kule nasema nakufa leo," alisema mama akijishika mbavu, "natoa kisu, kinaniletea kioo cha kutazamia wadudu!"

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliookoka. Kisha mama akamfuta binti yake machozi kwa upande wa aproni usio na damu.

"Sikia. Umesema kweli bila kusukumwa, na uliikimbilia ngazi badala ya kukimbia nguzo. Hayo mawili nayashukuru. Sasa tumalize kazi, halafu tukaonane na Mama Misumari."

Dukani, Mama Misumari alimwona mama na kile kidole kilichofungwa kitambaa, akaelewa. Alitandika tu kitambaa chake na kukiweka kile kisu cheusi mezani.

"Nitauliza tena," alimwambia Chiriku. "Hukifungulia wapi?"

"Juu ya ngazi."

"Kwa mkono gani?"

Chiriku alifumba macho, akamwona mama pale juu, kamba, bomba, mikono. "Wa kushoto. Wa kulia ndio wenye nguvu, anashikilia bomba. Kwa hiyo kifunguke kwa kidole gumba cha kushoto, na kikishafunguka kisijifunge chenyewe, maana kile cha zamani kilimkata hapa." Akagusa kovu la mama. "Na kiwe na tundu la uzi, ili kikimponyoka kisimwangukie mjomba kichwani."

"Hilo la mwisho naliunga mkono," alisema mjomba.

Mama alikishika kisu cheusi kwa mkono wa kushoto. Alisukuma kifundo, bapa likatoka, likakaa imara kwa mlio mdogo. Akajaribu kulirudisha kwa nguvu, halikurudi mpaka alipobonyeza kitufe. Uso wake ulikunjuka. Mjomba akatoa pesa za kukilipia, naye akabaki na kile chenye koleo, kwa sharti kwamba kioo cha kukuzia ni cha Chiriku kila Jumapili alasiri, mjomba akiwa karibu.

Jumamosi iliyofuata walikuwa tena kazini, mbele ya nyumba moja ya ghorofa. Chiriku alishika miguu ya ngazi, uso umeelekea juu. Kamba moja ilikuwa imejisokota. Mama alitoa kisu kilichofungwa kwa uzi kwenye aproni. Tak! Kikafunguka. Kamba ikakatika. Tak, akabonyeza kitufe, kikajikunja, kikarudi mfukoni. Mkono wa kulia haukuachia bomba hata mara moja.

Mama aliposhuka, alimkuta Chiriku bado ameishika ngazi.

"Kulikoni? Leo husemi kitu. Unaumwa?"

"Nilikuwa nakutazama tu, mama."

Mama akaacha kukunja kamba. "Basi hiyo ndiyo zawadi yenyewe," alisema. "Ukitaka kumpa mtu kitu kimfae, jisahau kidogo, umtazame yeye na kazi yake. Cha kununua utakijua tu. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajaumia. Kisu hiki umenichagulia kwa macho yako, mwanangu, ndiyo maana kinanikaa mkononi."

Chiriku alitazama mgongo wa mama ulioinama kuokota vigingi, mgongo uleule uliombeba muhula mzima huku watu wakicheka, na lile neno lililomkwama siku zote likajisogeza lenyewe.

"Mama."

"Mm?"

"Ahsante kwa kunibeba."

Mama hakuinuka mara moja. Alibaki ameinama vilevile, kigingi mkononi, kwa muda mrefu kuliko kigingi kinavyohitaji.

"Ulikuwa mzito," alisema hatimaye, sauti imebadilika. "Lakini ningekubeba tena."