Sponji za Hedifoni na Sauti ya Bibi

Mke wa Nafuu ni mhariri wa sauti. Hufanyia kazi nyumbani, mezani karibu na dirisha. Watu humletea rekodi za harusi na mikutano. Yeye huvaa hedifoni, husikiliza, huondoa kelele. Zamani akimaliza alikuwa akifuta rekodi ya mwanzo, maana kompyuta yake haina nafasi.

Nafuu ni jina la utani. Nduguze walimpachika jina hilo kwa sababu hanunui kitu bila kusifu bei yake. Mtu mwema, lakini bei nafuu humlevya.

Basi, sponji za hedifoni zikachakaa, zile laini za kitambaa zinazokaa masikioni.

"Niletee za kampuni ileile," mkewe alisema.

Nafuu akarudi na nyingine, nene, za ngozi bandia. "Sponji ni sponji, mama watoto. Si zinaingia?"

Kweli ziliingia. Mke alikuwa na haraka, akazivaa.

Kazi ya kwanza ilikuwa rekodi ya Bibi, aliyemlea Nafuu tangu mdogo. Bibi alisimulia ujana wake, huku akicheka. Masikioni mwa mke sauti ilivuma mno. Akaipunguza uzito, akaipunguza tena, mpaka ikamridhisha. Kisha akafuta ile ya mwanzo, kama kawaida yake.

Haikupita muda Bibi akafariki. Ndugu walipokusanyika sebuleni, Nafuu akawafungulia rekodi ile kwenye spika. Sauti ikatoka nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya kopo.

"Huyu ni nani?" shangazi akauliza.

Nafuu alitamani ardhi ipasuke.

Jirani yao, fundi mitambo wa redio, akaja kuzikagua hedifoni.

"Shemeji, hizi zinabana sikio kuliko zile za kitambaa," alimwambia mke. "Sauti nzito haivuji, inazidi. Ukapunguza kitu ambacho kwenye rekodi hakikuzidi."

"Kwa hiyo zisizo za kampuni zote ni mbovu?" Nafuu akauliza.

"Si zote. Kwa kusikiliza muziki tu zinaweza kukufaa, mradi ukubwa, unene na kitambaa vilingane na za mwanzo. Lakini mtu anayehariri anunue za kampuni yenyewe, kwa muuzaji anayeaminika, maana za kughushi zipo. Na hata hizo, kabla ya kazi asikilize kwanza rekodi anayoijua vizuri."

"Na ya Bibi?"

Fundi akajaribu kuurudisha uzito kwenye kompyuta. Kilichorudi ni mvumo tu.

"Pole sana, jirani."

Siku hizi mke ana sponji halisi. Hafuti rekodi yoyote mpaka mteja asikilize na kuridhika. Kazi zake zinatoka safi na wateja wameongezeka.

Juzi binti yao, aliyekuwa mchanga Bibi alipofariki, alikuwa akisikiliza rekodi ile.

"Baba, kumbe Bibi alikuwa na kasauti kadogo?"

"Hapana, mwanangu. Ilikuwa nzito. Akikuita kutoka jikoni, unaisikia mpaka kifuani."

"Hebu iige."

Nafuu akakohoa kidogo, akafungua mdomo. Alijaribu mara ya pili. Kisha akamwambia binti azime.