Mbegu Aliyopewa Jerop

Kila asubuhi Cheruto alikama ng'ombe kwanza, kisha akapika chai. Ndivyo alivyofanya tangu aolewe Molo, na baridi ya Molo si ya kuchezea. Lakini wiki hii chai ilingoja. Akimaliza kukama aliweka ndoo jikoni, akavaa viatu vya gambuti, akaenda shambani kuhesabu.

Alihesabu mashina ya viazi yaliyolala. Jumatatu yalikuwa manne. Jumatano yalikuwa kumi na moja. Leo Ijumaa yalikuwa ishirini na sita, na jua lilikuwa bado halijatoka vizuri.

Hakuelewa. Majani yalikuwa bado ya kijani, hayakuwa na madoa wala hayakuliwa na wadudu. Yalikuwa yamelegea tu, kama mboga iliyosahauliwa sokoni.

Familia hii ilikula ilichopanda. Walikula viazi vyao, maharagwe yao, mboga zao za managu na sukuma wiki, na maziwa ya ng'ombe wao mmoja. Viazi vilikuwa chakula cha mchana na cha jioni. Vikifa vyote, watakula nini hadi mwaka uishe? Cheruto alijiuliza swali hilo akiwa amesimama katikati ya mistari.

Mumewe, Bethwel, alikuja nyuma yake amebeba pampu ya dawa.

"Nipige tena?" aliuliza.

"Umepiga mara mbili, Baba Jerop. Imesaidia nini?"

"Basi ni jua."

"Jua gani? Jana si kulinyesha mpaka tukaweka sufuria chini ya paa!"

Bethwel aliitua pampu chini.

"Mimi naenda kumwita Gathogo," Cheruto alisema.

"Gathogo? Huyo anayeosha jembe na sabuni?"

Ni kweli, watu walimcheka Gathogo. Mzee huyu jirani alikuwa amefundishwa na maafisa wa kilimo kukuza viazi vya mbegu. Tangu hapo aliosha jembe lake kila akitoka shambani. Cheruto mwenyewe aliwahi kusema kwamba siku moja mzee huyo atalipika hilo jembe alile. Leo hakuwa na hamu ya kucheka.

Gathogo alikuja mara moja. Lakini alipofika langoni alisimama, hakuvuka.

"Ingia basi, mzee," Bethwel alisema.

"Siingii. Msikasirike."

"Kwani shamba letu linanuka?"

"Hainuki. Lakini kama ni ile kitu nafikiria, nitaibeba na viatu mpaka kwangu. Mama Jerop, ng'oa shina moja imelala, uniletee hapa. Na glasi ya maji safi."

"Una kiu? Chai iko."

"Chai baadaye. Leta maji."

Cheruto alileta. Gathogo alikata kipande cha shina kwa kisu. Akakishika juu ya glasi, ncha yake ikiwa ndani ya maji.

"Sasa tungoje," alisema.

Walingoja. Dakika zile chache zilikuwa ndefu sana kwa Cheruto. Alitazama glasi bila kupepesa macho. Kisha akaona. Kutoka kwenye ncha ya shina, nyuzi nyeupe nyembamba zilikuwa zinashuka polepole ndani ya maji, kama maziwa.

"Ni nini hiyo?" alinong'ona.

Gathogo alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ni mnyauko wa bakteria. Ni viini vidogo sana, macho haiwezi kuona kimoja kimoja. Vinaingia kwa mizizi, vinaziba njia ya maji ndani ya shina. Mmea unakufa na kiu, na udongo uko na maji."

"Dawa yake ni gani?" Bethwel aliuliza.

"Hakuna dawa."

"Hakuna?"

"Hata ukipiga kila siku. Ile unapiga ni ya ukungu. Hii inazuiwa tu, haitibiwi. Na inakaa kwa udongo miaka."

Cheruto alishika nguzo ya lango. Alitaka kukaa chini, lakini hapakuwa na pa kukaa.

"Imetoka wapi, mzee? Sisi hatujafanya kitu kibaya."

"Wacha niulize. Msimu uliopita, mliona viazi vingine vikioza?"

"Vichache."

"Mlivitupa wapi?"

"Kutupa? Chakula hakitupwi. Nilimpa ng'ombe. Na maganda yote pia."

"Vibichi?"

"Vibichi."

"Na samadi ya ng'ombe mliipeleka wapi?"

Cheruto alimtazama Bethwel. Bethwel alitazama gambuti zake. Samadi yote ilikuwa imeingia katika shamba hilo hilo, kwa mkokoteni, na walikuwa wamejisifu kwamba hawahitaji mbolea ya duka.

"Ndiyo hivyo," Gathogo alisema taratibu. "Viini vinapita kwa tumbo ya ng'ombe vikiwa hai. Vinatoka na samadi, vinarudi shambani. Kumlisha si makosa. Makosa ni kumpa bila kuchemsha. Na mbegu mlitoa wapi?"

"Tuliweka vile vidogo. Vile vikubwa tulikula. Kila mtu hapa anafanya hivyo."

"Kila mtu anafanya. Lakini mmea mgonjwa ndio huzaa vidogo vingi. Sasa ukiweka vidogo, unaweka ugonjwa. Na kiazi kinaweza kuonekana kizuri kabisa nje." Gathogo alimgeukia Cheruto. "Kuna mtu mwingine alipata hiyo mbegu?"

Hapo Cheruto akamkumbuka Jerop.

Jerop, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Elburgon mwaka jana. Wakwe walimpa yeye na mumewe Kipyegon kipande cha shamba. Kilikuwa nyasi tupu, udongo ambao haujawahi kuona kiazi. Wiki mbili zilizopita Cheruto alimpelekea gunia zima la mbegu. Alilishona mdomo mwenyewe. Mama akimpa binti yake mbegu ya kwanza, hiyo ni baraka.

"Jerop," alisema.

"Wamepanda?"

"Walikuwa bado wanavunja nyasi. Sijui. Sijui!"

Alitoa simu. Bethwel akamshika mkono.

"Ngoja, Mama Jerop. Utasema nini? Kwamba tuliwapelekea ugonjwa? Hao ni wakwe. Watatuonaje? Labda hata mbegu yao haina kitu."

"Na kama iko?"

"Basi itakuwa ni bahati mbaya. Nani atajua ilitoka kwetu?"

"Mimi nitajua," Cheruto alisema.

Alipiga simu. Haikupatikana. Alipiga tena, na tena. Sauti ile ile ya kike ilimjibu kwamba haipatikani. Cheruto alitamani kuipiga simu hiyo ukutani. Badala yake alivua gambuti, akasugua miguu kwa sabuni hadi chini ya kucha, akavaa viatu vya kanisani. Akapanda pikipiki kwenda Elburgon. Mtu haendi kwa wakwe hivi hivi, mikono mitupu, bila kutuma neno. Yeye alikwenda.

Njia nzima aliomba. Mungu, wasiwe wamepanda. Msitu wa Mau ulipita kando yake, malori ya mbao yalipita, na hakuona kitu.

Alipofika aliwaona kutoka mbali. Watu kama kumi walikuwa shambani, wakwe na majirani waliokuja kusaidiana. Wengine walichimba mitaro. Jerop alikuwa ameinama na mtoto mgongoni, akiangusha kiazi kimoja kimoja. Gunia lilikuwa wazi.

"Simameni!" Cheruto alipaza sauti. "Simameni kidogo, tafadhali! Msipande!"

Majembe yalisimama. Mama mkwe wa Jerop, Mama Kipyegon, alijinyoosha. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na Cheruto alimwogopa tangu siku ya posa.

"Mama Jerop? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Ingia basi, utueleze."

"Siingii. Nisilete mengine." Cheruto alisimama nje ya ua. Watu kumi walimtazama. Uso wake ulikuwa unawaka kwa aibu. "Hiyo mbegu niliwapea iko na ugonjwa. Sikujua. Shamba yangu inakufa. Nimewaletea ugonjwa, na nimekuja kuutoa."

Jerop alimtazama mama yake, kisha kiazi kilichokuwa mkononi mwake.

"Kikate," Cheruto alimwambia. "Kata vichache."

Kipyegon alikata cha kwanza. Kilikuwa cheupe na kizuri. Cha pili pia. Mtu mmoja akaguna, na Cheruto akatamani ardhi immeze. Cha tatu kilikuwa na duara la kahawia ndani, kama pete. Kipyegon alikiminya. Ute mweupe ukatoka.

"Hata hivi viwili vizuri haviaminiki," Cheruto alisema. "Vimetoka shamba moja."

Mama Kipyegon alitembea hadi kwenye ua.

"Ungenyamaza, tungejua lini?"

"Viazi vikianza kulala."

"Na tungesema udongo wetu ni mbaya."

"Ndiyo."

Mama Kipyegon aligeuka. "Kipyegon! Mmepanda mistari mingapi?"

"Miwili, mama."

"Fukueni yote miwili. Kila kiazi. Jerop, funga hilo gunia."

Ile mistari miwili waliifukua kwa mikono, kiazi kwa kiazi, wakihesabu ili kisibaki hata kimoja. Kisha wakaweka vijiti pembeni. Hapo wangepanda mahindi tu. Viazi vyote walivichemsha katika pipa kubwa, wakawapa ng'ombe. Majembe waliyaosha kwa maji yenye jiki ya kufulia, na hakuna aliyecheka.

Cheruto aliporudi Molo, Bethwel alikuwa anamngoja langoni. Hakumuuliza wakwe walisema nini. Alimuuliza tu jembe lianzie wapi.

Kazi ile ilichukua wiki. Waling'oa kila shina lililolala, pamoja na mizizi na udongo wake. Walizika kila kitu katika shimo refu, mbali na mfereji wa maji ya mvua. Gathogo alikuja kila siku na kusimama langoni akitoa maelekezo.

"Shamba hilo lipumzike viazi kwa misimu minne au zaidi," alisema. "Pandeni mahindi, maharagwe, kabichi, vitunguu. Msipande nyanya wala pilipili hoho. Hizo ni za ukoo mmoja na viazi. Ugonjwa utazila hizo, ukingoja viazi virudi."

"Na managu?" Cheruto aliuliza.

"Managu pia ni ndugu yao."

Hilo lilimuuma Cheruto kuliko yote, kwa maana managu ya pembeni mwa shamba ilikuwa mboga ya mama yake. Aliing'oa hata hivyo. Kiazi chochote kilichojiotea chenyewe alikifukua pia. Samadi iliyobaki ilipelekwa kwenye nyasi za ng'ombe. Maganda yote sasa yalichemshwa kabla ya kuliwa, na sufuria moja kuukuu ikawa ya ng'ombe peke yake.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande kidogo ambacho hakijawahi kulimwa viazi. Gathogo aliwapa ndoo moja ya mbegu safi, wakaipanda hapo. Kila asubuhi Cheruto aliendelea kuhesabu kabla ya chai. Wiki ya nne, hakuna shina lililolala. Ya sita, hakuna. Ya nane maua yalitoka, meupe, na bado hakuna. Aliogopa kufurahi, lakini alianza kulala usingizi.

Kile kipande kilikuwa kidogo. Hata na mahindi na maharagwe, Cheruto alijua kwamba sahani zitapungua kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa ameanza kupika chakula cha jioni kidogo zaidi, bila kumwambia Bethwel.

Ndipo siku moja mchana gari dogo la mizigo lilisimama langoni. Jerop alishuka na mtoto. Nyuma yake akashuka Mama Kipyegon. Vijana wakateremsha magunia matatu ya viazi vikubwa, vikavu, vyenye ngozi safi.

"Tulinunua mbegu safi, na shamba letu limezaa," Mama Kipyegon alisema. "Hakuna hata shina moja lililolala. Hiki ni chakula chenu, mle mpaka udongo wenu upone."

Bethwel alisogea mbele. Alibeba gunia la kwanza begani yeye mwenyewe, akaenda nalo jikoni.

Cheruto alitaka kushukuru kwa maneno mazuri, kama mtu mzima anavyopaswa mbele ya wakwe. Alifungua mdomo, na machozi yakatoka kabla ya neno. Alilia kwa sauti, pale langoni, mbele ya Mama Kipyegon, wala hakuona aibu.