Mwaka Huu Je?

"Hedley, niambie umepotea njia."

"Sijapotea."

"Basi niambie gari limeharibika, tumesimama hapa kuomba msaada."

"Gari zima kabisa, Lorna. Tumefika."

Lorna Pugh alitazama nje kupitia kioo kinachotiririka maji. Mnara wa ngome ya Arlbury ulikuwa palepale, mnene, mzee, hauna hata paa, kama alivyouacha Mei ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, na ya mwaka uliotangulia huo.

Na kucha amepaka! Saluni ameenda! Kisa, Jumatano Hedley alimwambia, "Jumapili nitakupeleka mahali maalumu." Mdogo wake Lorna, Dilys, aliposikia alipiga ukelele kwenye simu: "Anakuvisha pete huyo! Miaka sita, lazima!"

Simu ikatetemeka mkobani.

Dilys: "Keshakuvisha? Nitumie picha ya kidole."

Lorna: "Kanileta ngomeni."

Dilys: "NGOME ILEILE???"

Lorna: "Ileile. Na sandwichi za mayai."

Dilys: "Nenda zako Leeds. Nasema kweli, nenda."

Leeds ndiyo siri aliyokuwa nayo. Lorna alikuwa mpokea wateja kwenye kliniki ya mifugo, na mabosi wake walitaka akasimamie tawi jipya katika mji huo wa mbali. Jibu lilitakiwa Jumanne. Hedley hakuambiwa kitu. Lorna alikuwa ameshajiapiza: leo akiniuliza, nabaki. Asiponiuliza, naondoka, na mapenzi yaishie hapo.

Si kwamba Hedley Marsh alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya angeachwa zamani. Alikuwa mpole mno, mfanyakazi wa halmashauri anayetunza njia za miguu mashambani, mtu wa kujigonga mlangoni akauomba mlango samahani. Kila Jumapili walitoka. Treni ya mvuke wamepanda. Makumbusho ya majembe wameyamaliza. Jumba la bwana mkubwa mmoja mwenye viti arobaini visivyokaliwa, wameviona vyote. Lorna hakulalamika. Ila hii ngome! Kila Mei, ngome, na mnara wake wa ngazi mia na thelathini na sita, na yeye magoti yake mabovu tangu alipoangushwa na farasi utotoni.

Wakatembea kwenye mvua. Mlangoni mwa mnara, Maureen, bibi anayejitolea kukata tiketi, aliwapungia mkono.

"Karibuni tena, wapenzi wangu! Mwaka umeisha hivihivi!"

"Umeisha, Maureen," Lorna alisema huku ameuma meno.

Nyuma yao foleni ya wageni wenye makoti ya mvua ilisimama kimya, wanalowa kwa adabu.

Hedley akasimama kwenye ngazi ya kwanza. Akakohoa. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, uso umemwiva kama nyanya.

"Basi, Lorna," akasema polepole. "Mwaka huu je?"

Hapo Lorna akalipuka.

"Sitaki! Hivi wewe huchoki? Kila mwaka swali hilohilo, kila mwaka jibu hilohilo! Sitaki, sitaki, sitaki!"

Foleni nzima ikaanza kutazama viatu vyake.

Hedley aliutoa mkono mfukoni, mtupu. "Sawa. Hamna neno. Samahani kwa usumbufu. Tukanywe chai?"

"Chai? Mimi naenda Leeds, Hedley!"

"Leo?"

"Kuhamia! Kuishi huko! Nimekungoja miaka sita ufungue huo mdomo wako, na nimechoka. Umenisikia? Nimechoka!"

Ndipo likatokea jambo ambalo Arlbury nzima haijapata kuliona. Hedley Marsh alikasirika. Alibwaga mfuko wa sandwichi chini, mayai yakatapakaa kwenye mawe.

"Nifungue mdomo? Mimi? Nimekuuliza mara tano! Nasimama hapa mtu mzima na pete mfukoni, unanikataa mbele za watu, halafu narudi nyumbani nakupikia chakula cha jioni!"

"Pete gani?"

Akaitoa. Kilikuwa kikasha kidogo, pembe zimechakaa kwa kukaa mfukoni. Maureen aliacha kukata tiketi.

"Hedley," Lorna alisema taratibu, "ulikuwa unaniuliza nini?"

"Tuoane! Ulidhani nakuuliza nini?"

"Kupanda ngazi!"

"Ngazi?"

"Tumesimama kwenye ngazi! Mnara uko juu yetu! Unaniambia 'mwaka huu je', mimi nijue ni ndoa?"

"Mara ya kwanza nilisema nadhani wakati umefika. Ukanijibu, 'Mimi na magoti haya? Sahau.'"

"Magoti, Hedley! Mtu anaolewa kwa magoti?"

"Nilidhani unanikataa kwa upole. Mwaka wa pili ukasema nimchukue Maureen."

"Nilikuwa tayari," Maureen alisema kutoka kibandani.

"Mwaka wa tatu ukasema labda nikubebe ukiwa maiti. Wa nne ukasema huwezi, umevaa viatu vibaya."

"Na wewe ukaona hilo ni jibu la posa? Viatu?"

"Niliona ni udhuru. Sikutaka kukusumbua."

"Sikutaka kukusumbua!" Lorna aliyarudia maneno hayo kama mtu aliyetafuna mchanga. "Siku moja kaburi langu litaandikwa hivyo! Ungenisumbua! Mara moja tu, miaka minne iliyopita, ungenisumbua!"

Mwanaume mmoja kwenye foleni akainua kidole. "Samahani sana. Mnapanda au hampandi?"

"Ngoja!" Lorna alimgeukia. "Mimi nimengoja miaka sita, wewe umengoja dakika sita!"

"Haki yako kabisa," yule bwana akasema, akarudi kwenye mstari wake.

Lorna alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Aliketi kwenye benchi la mawe lililolowa, akaanza kulia, kilio cha kweli, cha mabega.

"Nilikuwa na miaka thelathini na nane, Hedley," akasema. "Muda wa mtoto ulikuwepo bado. Kila mwezi nilijiambia, huyu hanitaki, nabaki kwa nini? Sasa nina arobaini na miwili."

Safari hii Hedley hakusema "hamna neno". Aliketi kando yake kwenye maji mpaka foleni ikaona aibu ikageuka kutazama ukuta.

"Niliogopa," akasema mwishowe. "Nilijua nikiuliza wazi, utakataa wazi. Na ukikataa wazi, hata Jumapili sitakuwa nazo tena. Nikaona bora nusu ya swali. Nimekuibia miaka, Lorna. Sina cha kukulipa."

"Huna."

"Na Leeds nenda. Usibaki kwa sababu yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Ila nitakufuata. Njia za miguu ziko kila mahali."

Lorna akamtazama. "Niulize."

"Nikuulize..."

"Swali zima. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Neno la kuoa liwemo, nilisikie kwa masikio yangu."

Hedley akapiga goti, nalo likatua juu ya sandwichi. Hakulijali. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye maegesho:

"Lorna Pugh, ninakupenda. Nataka kukuoa. Utakubali kuolewa na mimi?"

"Ndiyo. Na bado nimekukasirikia."

"Hadi lini?"

"Nitakuarifu."

Foleni ikapiga makofi, kidogo, kwa heshima. Pete ilikwama kwenye kiungo cha kidole. Lorna aliisukuma mwenyewe mpaka ikaingia, kwa hasira.

Jumanne Lorna akaikubali kazi ya Leeds. Sheria ilitaka tangazo la ndoa la siku ishirini na nane. Wakangoja hizohizo, na haikuongezwa hata moja. Mwishoni mwa Juni walisimama kwenye ofisi ya msajili wa ndoa mjini Arlbury, Dilys mbele anatafuna leso. Msajili, mama mwenye mafua na haraka zake, akawatazama juu ya miwani.

"Kuna maneno marefu ya kiapo na maneno mafupi. Yote yanakubalika. Wengi huchukua mafupi."

"Marefu," Lorna alisema.

"Marefu ni marefu kweli."

"Ndiyo hayohayo ninayoyataka."

Hedley akaanza kuyarudia, sentensi baada ya sentensi. Kwamba hajui kizuizi chochote. Kwamba mbele ya watu hawa anamchukua huyu. Katikati sauti ikamkatika, machozi yakamjaa, akageuka kwa Lorna.

"Samahani, naku..."

"Hunisumbui," Lorna alisema, akamshika mkono. "Malizia."

Akamalizia.