Sindano za Denu

"Nazi zimeiva. Narudia, nazi zimeiva."

Sauti ya Kanali Tandoh ilikwaruza ndani ya kofia ya pikipiki. Ndiyo ishara aliyoingoja Esinam Kpodo. Alibadili gia, Yamaha ikanguruma, ikaruka tuta la barabarani Agbozume kama swala aliyekurupushwa.

Mbele yake Hilux nyeupe ilikuwa inakimbilia mpakani Aflao. Juu imebeba nazi. Chini ya nazi, masanduku ya barafu yaliyojaa testosteroni, ile homoni ya kiume, iliyobandikwa jina jipya: Kinga ya Dume. Mwanaume akidungwa hiyo, walinadi wauzaji, korona haimgusi.

Wavuvi wa kijiji cha Adina walidungwa. Wake zao sasa wamevaa nyeusi.

"Tai, unamwona?" Kanali aliuliza, akimwita kwa jina lake la kazi.

"Namwona hadi chawa wa kisogoni, Kanali."

"Namtaka hai. Kuna mzigo mwingine na hatujui uko wapi."

"Atakuwa hai. Kuwa mzima sijaahidi."

Kioo cha nyuma cha Hilux kikapasuka. Risasi ikapita ikimzomea sikioni. Esinam akalala juu ya tangi la mafuta, akachomoa bastola yake ya Glock kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi.

Akafyatua mara moja tu.

Tairi likapasuka. Gari liliyumba, likaacha barabara, likazama hadi ekseli katika mashamba ya chumvi. Nazi zikatawanyika kwenye maji meupe.

Dereva alitoka akichechemea, bastola mkononi. Varga. Mgeni huyo alikuwa akitafutwa kuanzia Lomé hadi Lagos. Kabla hajainua mkono, risasi ya pili ilimvunja kiwiko. Esinam alimfunga kwenye bampa kwa mkanda wa plastiki.

"Unanifunga mimi?" Varga alicheka huku meno yakigongana kwa maumivu. "Mimi mpagazi tu, bibie. Mwenye akili yuko kiti cha nyuma."

Esinam akafungua mlango, bastola mbele.

Mkono wake ukashuka wenyewe.

"Efo?"

Ndivyo alivyomwita tangu utotoni: Efo, kaka. Daktari Senanu Kpodo, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemsukia nywele kwa vidole vya kiume visivyojua kusuka. Alikuwa amemwambia yuko Kumasi kwenye semina. Sasa alijikunja kitini, midomo ya bluu, kila pumzi akiivuta kama ndoo ya kisima kirefu.

"Usinikaribie, Esi. Ninao ugonjwa."

Akamkaribia.

"Niambie wamekuteka, Efo. Niambie tu hivyo, nitaamini."

"Dawa ni yangu." Akakohoa. "Uliona mwenyewe wodini kwetu. Wanaume walikuwa wanapukutika, wanawake wananyanyuka. Nikapima damu. Waliozidiwa, testosteroni yao ilikuwa chini kabisa. Nikasema, basi, upungufu ndio unaoua. Tuwaongezee."

"Na Varga akasema ataileta."

"Akasema tusingoje majaribio, watu wanakufa. Nikataka kuamini." Macho yake yalijaa machozi. "Huenda ugonjwa ndio unaoinyonya homoni, Esi. Mimi niliona moshi nikauita moto. Na hizi dozi kubwa zinaifanya damu kuwa nzito kama uji. Damu iliwaganda wavuvi wale. Nilipoambiwa, nilikuwa nimeshajidunga."

"Ukakimbia na huyu?"

"Niliogopa uso wako."

Esinam alimshika shavu. Lilikuwa la moto.

"Mzigo mwingine uko wapi?"

"Denu. Ghala la chumvi. Madereva wa malori wanadungwa sasa hivi."

Redioni Kanali alisema ambulensi imetoka Aflao, lakini vijana wake wako mbali. Wa karibu na Denu alikuwa mmoja tu.

"Nenda," Senanu akasema.

"Siwezi kukuacha peke yako."

"Nimewaua watu, mdogo wangu. Usiniongezee wengine. Nenda!"

Esinam alivua koti lake, akamfunika. Akamgeuza ubavu apate pumzi. Kisha akapanda Yamaha na hakugeuka nyuma, kwa maana angegeuka asingeondoka.

Mbele ya ghala, madereva walikuwa foleni, mikono ya mashati imekunjwa. Jitu la miraba minne lililovaa koti jeupe lilishika sindano.

"Idara ya Usalama! Weka chini!"

"Aa, dada, foleni ya wanaume hii!" jitu likacheka. "Au umemletea mumeo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jitu likachomoa panga kiunoni, likarusha pigo. Esinam aliinama, akalipiga teke la goti, akalilaza kwenye magunia, Glock kisogoni. Sindano ikapasuka chini ya buti lake.

Madereva wakamzingira.

"Unatunyima kinga? Tukifa barabarani utatuzika wewe?"

"Kaka yangu ndiye aliyeibuni," Esinam alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Naye amejidunga. Nimemwacha huko kwenye mashamba ya chumvi, hawezi kuvuta pumzi."

Mmoja akashusha mkono wa shati. Mwingine akafuata. Mwishowe foleni ikavunjika yenyewe.

Polisi wa Denu walifika, wakaanza kubeba masanduku. Simu yake ikalia. Muuguzi wa ambulensi.

"Dada Esinam? Tumemkuta. Tulijaribu... Alikuwa ameshikilia koti. Hatukuweza kumnyang'anya."

"Mwacheni nalo. Asante."

Redioni Kanali alikuwa akipiga kelele: "Tai! Mzigo wote umepatikana! Kazi safi!"

Akaizima.

Dereva mmoja mwenye mvi alimfuata hadi kwenye pikipiki.

"Mwanangu, huyo kaka yako, anaendeleaje?"

Esinam alivaa kofia, akashusha kioo ili macho yasionekane.

"Havuti tena pumzi kwa shida, baba."

Akawasha Yamaha. Akaondoka taratibu.